UZI: Alivua magwanda ya polisi akaingia kwenye TV, jalada la Jimmy Savile likafunguka

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nimeuahidi kitambo na leo nimepata nafasi nauandika wote, utakuwa mrefu kwaiyo mwenye haraka aweke alama atarudi baadae. Ni habari ya jamaa wa Uingereza anaitwa Mark Williams-Thomas. Alikuwa askari polisi, tena mpelelezi, akaacha kazi, miaka ikapita akaibuka kwenye TV kama mwandishi wa habari za uchunguzi, na kipindi chake kimoja tu cha Oktoba 2012 kikatikisa ile nchi kuanzia hospitali, polisi, waendesha mashtaka mpaka BBC yenyewe.

Kilichonifanya niandike ni kwamba watu wengi wakisikia habari za uchunguzi wanawaza kamera ya kificho kwenye kifungo cha shati na mwandishi anamkimbiza mtu kwenye parking na maiki mkononi. Mimi nimekaa miaka kadhaa mahakamani naandika habari za kesi, nimesikiliza maelezo ya mashahidi yakisomwa mpaka nimeyazoea, na ninachokiona kwa huyu jamaa ni kitu kingine kabisa. Hakugundua siri yoyote. Ile habari ilikuwa inanong'onwa miaka na miaka, kuna watu walishaenda mpaka polisi. Alichofanya yeye ni kazi ya askari wa kawaida, alikaa na watu akawaandikisha maelezo, akayapanga, akayalinganisha. Basi. Ndo maana nasema kazi yake ya polisi na kazi yake ya TV ni kazi moja, kilichobadilika ni mlango wa kutokea.

Tuanze na historia yake kidogo, sitakaa sana hapa. Kazaliwa 1970, akajiunga na polisi wa Surrey mwaka 1989, yani bado kijana kabisa, Surrey ni hilo eneo lililopakana na London upande wa kusini magharibi. Akawa mpelelezi na akafanya sana kesi za watoto na makosa ya ngono. Alikuwa pia kwenye ile kazi ambayo kule askari mmoja anapewa familia ya aliyeuawa au aliyepotea, anakuwa ndo kiungo kati yao na timu ya upelelezi. Hii kazi watu wanaichukulia kama ya kuwapa pole tu, hapana. Yule askari anakaa sebuleni na wafiwa, anawaeleza kesi imefika wapi, lakini macho yake yanafanya kazi muda wote maana kesi nyingi za mauaji mhusika anakuwa mtu wa karibu na marehemu, kwaiyo anamshika mkono mama anayelia na wakati huohuo anasikiliza mjomba anajibu vipi. Baada ya ripoti ya Macpherson ya mwaka 1999, ile iliyochunguza polisi walivyoboronga kesi ya mauaji ya kijana Stephen Lawrence, hii kazi ilipewa uzito mkubwa zaidi kule kwa sababu familia ya yule kijana ilitendewa vibaya sana.

Mtu aliyefanya hiyo kazi anajua kunyamaza, hicho kitu mkikumbuke, nitakirudia.

Akaacha polisi mwaka 2000. Na hapa wengi mnadhani aliruka moja kwa moja kwenye kamera, hakuruka. Ni kama miaka kumi na mbili kati ya kuvua magwanda na kile kipindi. Katikati akawa mshauri wa mambo ya ulinzi wa watoto, akasoma shahada ya uzamili ya elimu ya uhalifu pale Birmingham City University, akawa anashauri watu wa tamthilia za upelelezi, na kukitokea mtoto kapotea au mauaji makubwa vituo vya TV vinamwita aeleze polisi wanafikiria nini. Hivo ndivyo alivyoingia, kwanza kama mtaalamu anayealikwa, alafu taratibu akawa mwandishi mwenyewe.

Naendelea.

Sasa Jimmy Savile. Vijana wengi humu hamumjui kwaiyo niwaweke sawa. Huyu alikuwa DJ na mtangazaji, ndo aliyetangaza Top of the Pops, kile kipindi cha muziki, ya kwanza kabisa BBC tarehe 1 Januari 1964, alafu kuanzia 1975 mpaka 1994 akawa na kipindi cha Jim'll Fix It ambapo watoto wanaandika barua wanaomba ndoto zao zitimizwe na yeye anazitimiza mbele ya taifa zima. Nywele nyeupe ndefu, sigara kubwa mdomoni, nguo za michezo, cheni za dhahabu. Alichangisha pesa nyingi sana za hospitali, ile ya Stoke Mandeville ya watu waliovunjika uti wa mgongo alikuwa na ofisi yake humo ndani, anatembea wodini anavyotaka. Mwaka 1990 akapewa heshima ya Sir. Alipofariki tarehe 29 Oktoba 2011, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 85, jeneza lake la rangi ya dhahabu liliwekwa hotelini Leeds na maelfu ya watu wakapita kumuaga, akazikwa Scarborough jeneza limeinamishwa ili eti aone bahari.

Na huyo mtu alikuwa ananajisi watoto. Miaka zaidi ya hamsini.

Turudi nyuma kidogo, 2007. Polisi wa Surrey, wale wale aliowahi kuvaa sare yao Mark, wanapata taarifa kuhusu Savile na wasichana wa Duncroft. Duncroft ilikuwa shule ya bweni ya serikali kule Staines, wanapelekwa wasichana walioonekana watundu au wenye matatizo nyumbani. Savile alikuwa anakwenda pale miaka ya sabini, anapokelewa kama mgeni wa heshima, ana gari lake la Rolls-Royce, anawachukua mabinti kuwazungusha. Polisi wakachunguza mpaka 2009.

Tarehe 1 Oktoba 2009 wakamhoji kwa onyo, yani kama mtuhumiwa. Na sikilizeni walimhojia wapi, Stoke Mandeville, ofisini kwake mwenyewe. Nakala ya mahojiano ilitolewa hadharani 2013, nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma nashikwa na hasira. Mzee wa miaka 82 kakaa kwenye kiti chake, askari ndo wageni. Anakanusha kila kitu, anaongea anavyotaka, anawakumbusha kwamba ameshashtaki magazeti na ana wanasheria wake, anasema kule Leeds ana maafisa wa polisi wanakuja kumtembelea kirafiki na barua za ajabu anazotumiwa huwa anawapa wao. Yani mtuhumiwa anamwambia mpelelezi kwamba wakubwa zako wanakunywa chai kwangu. Ukimhoji mtuhumiwa kwake ushampa nusu ya kesi, hilo hata askari wa mwaka wa kwanza anafundishwa.

Jalada likafungwa.

> Mkuu sasa kama walalamikaji walikuwepo, polisi na waendesha mashtaka walishindwaje kumpeleka mahakamani? Au alihonga?

Hapana mkuu, na hapa ndo pananiuma kuliko sehemu zote za hii habari. Walikuwepo wanawake wanne, watatu kwa polisi wa Surrey na mmoja polisi wa Sussex. Baadae mkurugenzi wa mashtaka wa wakati ule Keir Starmer, ndio huyohuyo aliyekuja kuwa waziri mkuu 2024, alimpa mwanasheria Alison Levitt apitie jalada lote na ripoti ikatoka Januari 2013. Alichokikuta si rushwa. Alikuta kwamba wale wanawake hawakuambiwa kwamba kuna wenzao. Kila mmoja alikaa kwake akijua yupo peke yake dhidi ya mtu maarufu kuliko wabunge, na kwa hali hiyo hawakuwa tayari kusimama mahakamani, jambo ambalo mimi nalielewa kabisa. Levitt akaandika kwamba polisi na waendesha mashtaka wangelichukulia jambo lile kwa namna nyingine, pengine kesi ingefika mahakamani. Savile akiwa hai. Savile akiwa kizimbani.

Wanawake wanne, majalada mawili ya vikosi viwili tofauti, na hakuna aliyewaambia "mama, hauko peke yako". Nimeripoti kesi za shambulio la aibu, nimeona mlalamikaji anatetemeka mpaka hawezi kushika glasi ya maji, alafu anatokea shahidi wa pili anasema na mimi alinifanyia hivyohivyo na kwa maneno yaleyale, yule wa kwanza mgongo unanyooka pale pale kwenye benchi. Mgongo unanyooka, nimeona kwa macho yangu.

Naendelea na Mark.

Savile kafa Oktoba 2011. Pale BBC kwenye Newsnight, kipindi chao cha habari, waandishi wawili, Liz MacKean na Meirion Jones, wakaanza kuchimba Duncroft, wakampata mwanamke aliyekubali kuongea mbele ya kamera, na Mark akaitwa kama mshauri kwa sababu ya ujuzi wake wa polisi. Desemba mhariri wao akaizuia ile habari. Hoja yake ilikuwa kwamba waendesha mashtaka walisema ushahidi hautoshi. Uchunguzi wa Pollard uliofanyika baadae ulisema uamuzi ule ulikuwa na kasoro ila ulifanyika kwa nia njema, mimi sitaongeza neno. Kilichofuata ndo kinachoumiza, sikukuu ya Desemba 26 mwaka ule ule BBC wakarusha Jim'll Fix It maalum ya kumuenzi. Fikiria wewe ni yule mama uliyekaa mbele ya kamera ukaongea kitu ulichokibeba miaka thelathini na kitu, alafu unawasha TV unaona hivo.

Mark hakukubali iishie pale, akaichukua akaipeleka ITV, kituo kinachoshindana na BBC. Akaanza upya kuwatafuta watu mmoja mmoja. Hapa nataka nikae kidogo.

Kuna namna mwandishi anahoji na kuna namna mpelelezi anaandikisha maelezo. Mwandishi anatafuta sentensi, ile moja kali itakayobeba kipindi, na akiipata macho yake yanang'aa na shahidi anaona, kwaiyo shahidi anaanza kumpa anachokitaka. Mpelelezi wa kesi za watoto kafundishwa kinyume. Unaacha mtu asimulie kwa maneno yake mpaka mwisho bila kumkatiza, haumpi jina, haumpi rangi, hausemi "alikushika mguuni eti?", unauliza "kisha ikawaje?" na unanyamaza. Alafu ndo unarudi kwenye vitu vinavyoweza kupimwa, gari lilikuwa la namna gani, chumba kipo upande gani wa jengo, nani mwingine alikuwepo siku hiyo, ulimwambia nani ulipotoka. Yule uliyemwambia unamtafuta. Kumbukumbu za shule unazitafuta. Ukishapata maelezo matano ya watu wasiofahamiana unayaweka mezani na kuangalia mhalifu ana tabia gani inayojirudia. Kwa Savile ilijirudia, gari, chumba cha kubadilishia nguo pale BBC, hospitali, mabinti ambao wakisema hakuna mtu atakayewaamini kwa sababu tayari wameitwa watundu.

Alafu akafanya kitu ambacho mwandishi wa kawaida asingekifikiria, ushahidi ukapelekwa kwa wakili mwandamizi wa jinai aupime kama vile ni jalada la kesi ya mtu aliye hai, je ungetosha kumkamata? Jibu likawa ndiyo.

Kipindi kikarushwa Jumatano tarehe 3 Oktoba 2012, usiku mwingi, kinaitwa Exposure: The Other Side of Jimmy Savile. Kuna kipande kimoja sikisahau. Esther Rantzen, mtangazaji mkubwa tu wa BBC enzi hizo na ndo aliyeanzisha Childline 1986, ile namba ya simu ya watoto wanaonyanyaswa, anaonyeshwa mahojiano ya wale wanawake. Anaangalia. Kamera ipo usoni kwake na unaona kabisa mtu anaelewa kitu ambacho hakutaka kukielewa, alafu anakiri kwamba pale kwenye televisheni wote waliziba masikio kwenye ule umbeya. Na Mark kakaa pembeni kanyamaza. Niliwaambia mkikumbuke. Mwandishi mwingine angejaza ule ukimya na swali.

Yaliyofuata mengi mnayajua. Simu zikaanza kuingia, polisi wa London wakafungua uchunguzi wa Operation Yewtree mwezi huohuo, Januari 2013 wakatoa ripoti wao pamoja na NSPCC, shirika la kutetea watoto kule, watu 450 wamejitokeza, makosa 214 yameandikishwa kwenye maeneo ya vikosi 28 vya polisi, ya kwanza 1955 na ya mwisho 2009, asilimia 73 ya wahanga walikuwa chini ya miaka 18. Mdogo kabisa miaka minane. Na Yewtree haikuishia kwa marehemu, walio hai wakafikishwa mahakamani, Max Clifford, wakala wa mastaa, akafungwa miaka 8 mwaka 2014, mtangazaji Rolf Harris miaka 5 na miezi 9 mwaka huohuo, mwanamuziki Gary Glitter 16 mwaka 2015. Kile kipindi kikachukua tuzo ya Peabody ya Marekani. Kaburi la Scarborough lilikuwa limewekewa jiwe kubwa jeusi mwezi mmoja tu kabla, limeandikwa maneno ya Savile mwenyewe kwamba ilikuwa raha wakati ilipodumu, familia ikaliondoa usiku wiki iliyofuata baada ya kipindi, likavunjwavunjwa. Mpaka leo pale hakuna alama.

> Mimi napingana na wewe mtoa mada. Marehemu hajitetei. Kumsubiri mtu afe ndo umchafue ni uoga, na nyie waandishi mnapenda hivyo kwa sababu maiti haishtaki.

Hoja yako naiheshimu na nitaijibu kwa uzito wake. Ni kweli kwa sheria ya Uingereza marehemu hawezi kushtaki kwa kashfa, na familia yake haiwezi kushtaki kwa niaba yake. Savile alipokuwa hai magazeti yaliogopa, na yeye alilijua hilo akalitumia, si umeona hata kwenye mahojiano na polisi aliwatishia kwa hilo hilo? Lakini sheria kumlegezea mwandishi haimaanishi ushahidi nao ulegee, tena hapo ndo mwandishi anatakiwa ajibane mwenyewe zaidi. Jamaa alijibana. Angeweza kutoka na mwanamke mmoja na muziki wa huzuni.

Kama unataka kuona namna ya kuchafua mtu, angalia mwezi mmoja baadae. Tarehe 2 Novemba 2012 Newsnight, sasa wanataka kurudisha heshima baada ya aibu ya Savile, wakarusha habari ya mtu aliyenyanyaswa utotoni kwenye nyumba ya watoto kule Wales, anasema mmoja wa waliomtendea alikuwa mwanasiasa mkubwa wa chama cha Conservative. Jina halikutajwa ila mtandaoni watu wakalijaza, Lord McAlpine. Wiki moja baadae yule muhanga akaonyeshwa picha ya McAlpine, akasema siye. Siye kabisa, akaomba radhi. Wakuu, hawakumuonyesha picha kabla ya kurusha! Gwaride la utambulisho, kitu cha kwanza kabisa askari anakifikiria mlalamikaji akisema "ni fulani", kuweka picha kadhaa mezani na kumwambia nionyeshe. Nusu saa ya kazi. BBC wakamlipa McAlpine pauni 185,000, ITV nao 125,000 kwa sababu kwenye kipindi chao cha asubuhi mtangazaji alimkabidhi waziri mkuu David Cameron karatasi ya majina aliyoyaokota mtandaoni na kamera ikayanasa, na mkurugenzi mkuu wa BBC George Entwistle akajiuzulu tarehe 10 akiwa kakaa kwenye kiti siku 54.

Kipindi kilekile cha Newsnight. Mara ya kwanza walikuwa na habari ya kweli wakaizuia, mara ya pili walikuwa na habari ya uongo wakairusha, na kote wangeuliza swali moja la kipolisi, je tumeshapima tulichoambiwa, wangejua la kufanya.

> Kwa hiyo unasema polisi ndo wanajua kila kitu? Mbona polisi haohao wa London walidanganywa na yule jamaa wa Operation Midland?

Umenikumbusha la maana, ahsante. Hapana sisemi hivyo, nasema ufundi, sisemi sare. Kwa wasioijua, jamaa anaitwa Carl Beech alijitokeza baada ya wimbi la Savile akadai genge la wanasiasa na wakubwa wa jeshi liliua watoto. Desemba 2014 afisa mkubwa wa polisi wa London akasimama mbele ya waandishi akasema habari ile ni ya kuaminika na ya kweli, kabla ya kuipima. Nyumba za wazee wa heshima zikapekuliwa. Uchunguzi ukafungwa 2016 bila mtu hata mmoja kukamatwa, na Julai 2019 Beech mwenyewe akafungwa miaka 18 kwa kupotosha haki na kwa ulaghai wa pesa za fidia. Hapo polisi waliacha upolisi wao. Kumsikiliza mlalamikaji kwa heshima mpaka mwisho ni kitu kimoja na kutangaza kwamba anachosema ni kweli ni kitu kingine, na cha pili kinamuumiza hata mhanga wa kweli atakayekuja kesho.

Pia si haki nisiseme kwamba Yewtree iliwaburuza watu ambao hawakuwa na hatia. Mtangazaji Paul Gambaccini alikamatwa 2013 akakaa kwenye dhamana ya polisi karibu mwaka mzima bila kushtakiwa, kazi imesimama, jina lipo magazetini, mwisho akaambiwa hakuna kesi. Kelele za kesi kama yake ndo zilisaidia sheria ibadilishwe 2017, dhamana ya polisi ikawekewa kwa wakati ule kikomo cha siku 28 labda iongezwe rasmi. Hilo ni deni ambalo kipindi kizuri kinaweza kuliacha nyuma yake na mwandishi lazima aliangalie usoni.

Kuhusu kazi zake za baadae nitapita haraka kidogo. Juni 2016 ITV walirusha mahojiano yake na mkimbiaji Oscar Pistorius, wiki mbili tu kabla mahakama ya Afrika Kusini haijampa adhabu ya miaka sita kwa kumuua Reeva Steenkamp, adhabu ambayo mahakama ya rufaa iliipandisha 2017. Wengi wanayasifu, mimi hayakunikaa vizuri na nasema wazi. Kwa Savile ukimya wake uliwapa nafasi watu ambao hawakuwahi kusikika. Kwa Pistorius ukimya uleule ulimpa nafasi mtu ambaye ulimwengu ulishamsikia miezi na miezi kizimbani, na binti aliyepigwa risasi nyuma ya mlango wa choo hana mahali pa kujibu. Ufundi ni mzuri, aliyekaa kwenye kiti ndo shida.

Mwaka huohuo ikaja series yake ya The Investigator, ile naikubali zaidi. Carole Packman wa Bournemouth, mke na mama, alipotea 1985 na mwili wake haujawahi kuonekana. Mume wake Russell Causley alikuja kujidanganyia kifo baharini 1993 ili apate bima, na huo uongo ndo ukawafanya polisi wageuke waulize na mke yuko wapi. Akahukumiwa 1996, hukumu ikatenguliwa 2003, akahukumiwa tena 2004. Mark aliichukua kwa upande wa mtoto wa marehemu ambaye alichotaka ni kitu kimoja tu, mama yangu yuko wapi nikamzike. Pale unamuona yule askari wa sebuleni karudi kwenye kazi yake ya zamani, yupo na familia, anatembea nao. Kikao cha Causley cha kuomba kuachiwa Desemba 2022 kikawa cha kwanza Uingereza na Wales kufanyika hadharani.

> Swali langu ni moja tu. Hao wahanga wa Savile walikuwa wapi miaka yote? Mtu anyanyaswe 1963 asubiri 2012? Hapo ndo mimi siamini.

Hawakusubiri mkuu. Hili nitalijibu kwa utulivu kwa sababu nilishaligusa mwanzoni mwa uzi.

Wakaguzi wa polisi wa Uingereza walitoa ripoti Machi 2013 baada ya kupekua kumbukumbu za vikosi vyote. Walikuta kwamba Savile akiwa hai polisi walikuwa na malalamiko matano na taarifa mbili za kiintelijensia. Taarifa moja ipo kwenye daftari la polisi wa London la 1964, jina lake limeandikwa humo. Nyingine ni barua isiyo na jina ya 1998. Zote zilikaa kabatini, na wale wa Surrey walipoanza 2007 hawakuwa nazo mbele yao.

Na waliokwenda wenyewe wapo. Kijana mmoja kule Cheshire alibakwa na Savile mwaka 1963, kesho yake akaenda kwa askari wa eneo lake akamwambia. Askari akamjibu sahau hayo, endelea na maisha yako. Mwingine aliingia kituo cha polisi cha Vine Street katikati ya London kueleza kwamba mpenzi wake ameshikwashikwa na Savile kwenye kurekodi Top of the Pops, akaambiwa kwa tuhuma za namna hiyo anaweza kukamatwa yeye. Akatoka.

Pale kaunta kulikuwa na kalamu na karatasi, hakuna aliyeandika.